Siku Niliyowapandisha Wote Kortini

Walipokuwa wakiniaga, mkubwa wa sasa alisimama mbele ya birika la chai na sahani za sambusa akasema Afande Karisa ametumikia magereza kwa utii. Watu wakapiga makofi. Mimi nilinyamaza kwa sababu sambusa zilikuwa bado moto na sikutaka kuwaharibia vijana. Lakini neno lile limenikaa kooni, na nyinyi mlioingia kazini juzi mnafaa kujua kwamba si kweli. Nilitii miaka mingi. Siku moja sikutii. Hiyo siku moja ndiyo ninayoiita kazi. Zilizobaki nilikuwa nafungua na kufunga tu.

Habari za vyeo sizisemi. Nilipewa kimoja nikanyang'anywa, tumemaliza. Miaka ya mwisho nilikaa langoni kuandika namba za magari, na nimestaafu kabla ya wakati kwa sababu pafu langu moja halifanyi kazi. Shule niliiacha darasa la saba, kwa hivyo mkiona sentensi imepinda, inyoosheni wenyewe. Binti yangu ananichapia hapa nyumbani Ganjoni. Nimemruhusu aguse herufi, majina asiguse. Nikimtaja mtu kwa ubaya, nimekusudia.

Nilitoka Kaloleni nikiwa kijana mrefu, mwembamba, mtoto wa mgema. Siku ya kuandikwa walitukimbiza, wakatazama meno, wakanichukua. Hakuna aliyeniuliza kama naweza kumfungia mtu mlango usoni. Baada ya mafunzo nikapewa kazi ya kusindikiza mahabusu: asubuhi lori linawatoa gerezani, linavuka daraja, linawashusha kisiwani kwenye seli zilizo chini ya korti, jioni linawarudisha. Mnalijua hili lakini wengi wenu mnalisahau, basi nalisema tena. Mahabusu si mfungwa. Hajahukumiwa. Anangoja.

Siku ya kwanza nilikabidhiwa kwa Koplo Mwadzaya, mtu mfupi, mkimya, suruali yake imenyooshwa mpaka ungeweza kukatia mkate. Aliniacha nisimame mlangoni mwa seli muda mrefu bila kunipa kazi. Nilidhani ananidharau. Baadaye akaniuliza nimeona nini. Nikasema watu. Akaniambia nitazame miguu. Mtu aliyevimba miguu hakulala, amesimama usiku kucha, huyo mpe nafasi akae kwanza, la sivyo ataanguka mbele ya hakimu na wewe ndiye utakayeulizwa.

Mengi niliyoyajua niliyapata kwake. Pingu, acha kidole kimoja kiingie kati ya chuma na mfupa. Usimfunge mzee na kijana pingu moja. Kijana akiamua kukimbia, mzee atavunjika mkono na hatafika popote. Maji yaanzie nyuma ya seli, maana walio mlangoni ni wenye nguvu, dhaifu wamesukumwa ukutani. Na ukiita jina, ita na la babu na mtaa. Ukisema Ali Juma hapa Mombasa, nusu ya seli itasimama.

Hilo la mwisho tulilisahau siku moja. Hakimu alimwachilia Ali Juma wa Tudor, tukamfungulia Ali Juma wa Kibokoni. Yule naye alikuwa mpole, alifunguliwa akatoka, akadhani Mungu amemjibu. Akatembea mpaka ufukweni Mama Ngina, akala muhogo, akatazama meli zinavyoingia. Baada ya alasiri tukamwona huyo, anarudi kwa miguu yake, kofia mkononi. Akamwambia Koplo, "Afande, nimefikiri sana. Mwenye kuachiwa si mie. Yule mwenzangu bado yumo ndani na mamake yuwamngoja."

Tukamtoa yule wa Tudor. Na huyu mwema je? Inspekta Kimeu, mwendesha mashtaka, alimwongezea shtaka la kutoroka. Nilifikiri anafanya mzaha. Alikuwa anaandika. Koplo Mwadzaya akatikisa kichwa akasema, "Huyu ana adabu. Basi atakaa sana." Na akakaa sana.

Namtaja Kimeu kwa sababu mtamsikia tena. Hakuwa mkatili wa kupiga watu. Alikuwa na maneno mawili tu, "upelelezi unaendelea," na kwa maneno hayo mawili amefunga watu wengi kuliko makufuli yote niliyowahi kushika.

Nilipoanza, katika seli ile watu walikuwa wakikaa chini na kunyoosha miguu. Miaka ikaenda, wakawa wanachuchumaa. Ikaenda tena, wakawa wanasimama. Seli haikupungua, watu ndio walioongezwa. Nawasikia watu kwenye redio wakisema jela zimejaa kwa sababu uhalifu umezidi. Mimi nilikuwa nafungua mlango, nawaambia nani alikuwa ndani. Wauaji ni wachache, na wengi wao wana mawakili. Ndani alikuwamo muuza ndimu aliyetolewa njiani soko la Marikiti na kapu lake. Walikuwamo vijana waliokamatwa barazani Mji wa Kale wakicheza keram, kwa sababu kulikuwa na msako, na msako ukirudi mikono mitupu mkubwa hukasirika. Alikuwamo mwanamume aliyegombana na jirani kwa kamba ya nguo. Kila jambo likitokea mjini, msako. Kila mkubwa mpya akija, msako, apate kuonekana amefika. Mlango wa kuingilia ulipanuliwa kila mwaka, wa kutokea ukabaki tundu la sindano.

Na tundu lenyewe lilizibwa na mtu mwenye jina. Hakimu Ondari. Alikuwa mtu nadhifu, ana kitambaa chenye marashi, na alikuwa na uchungu wa dhati wa kupoteza wakati. Mnajua kesi nyingi hazisikizwi, zinatajwa tu. Kutajwa ni kuitwa ili upewe siku nyingine ya kuitwa. Zamani mahabusu alipandishwa ngazi hata kama ni kutajwa, akasimama kizimbani, akamwona hakimu na hakimu akamwona. Ondari akasema watu wananuka, wanakohoa, wanachelewesha. Akatoa amri: wenye kutajwa wabaki chini, askari apande na waranti zao.

Basi ikawa hivyo. Napanda na karatasi mkononi. Karani anasoma jina. Mimi nasema, "Yupo chini, Mheshimiwa." Kimeu anasema upelelezi unaendelea. Hakimu anaandika siku, anagonga muhuri, nateremka. Kortini palikuwa na ukimya, na baridi ya mashine, na marashi. Chini ya sakafu ile ile watu walikuwa wamebanana jasho lao likitiririka pamoja. Wanakuja kortini na hawafiki kortini. Mtu angeweza kukaa rumande mpaka ndevu zibadilike rangi, na hakimu wake asijue kama ni mrefu au mfupi.

Msitarajie nitubu hapa. Nilifanya nilivyoamriwa, na waliotoa amri wana pensheni nzuri kuliko yangu.

Koplo Mwadzaya hakuipenda njia ile. Alisema karatasi haikohoi, ndiyo maana wanaipenda. Yeye alikohoa. Alistaafu, akarudi kwao Mariakani, na mwaka haukuisha tukaenda kumzika. Daktari alitaja jina la ugonjwa, kifua kikuu. Aliupata wapi, kila mtu pale matangani alijua, na Bwana Nyale, mkuu wa gereza letu wakati ule, alisoma salamu za rambirambi akasema ni mapenzi ya Mungu. Madirisha ya seli yalikuwa yamezibwa kwa mabati tangu mtu mmoja alipojaribu kutoroka, na Nyale ndiye aliyeyaziba. Mungu hakushika nyundo.

Sasa nifike kwa Mzee Athumani.

Athumani alikuwa hamali wa Marikiti, mvuta mkokoteni. Alikuwa mtu wa mabega, na ulimi. Alishtakiwa kuiba gunia la iliki. Mlalamikaji alikuwa tajiri mmoja wa viungo, Feisal. Athumani alisema alilifikisha gunia dukani akakuta pamefungwa, akaliweka mlangoni kama walivyozoea, akaenda kuswali. Pengine ni kweli, pengine si kweli. Hiyo ndiyo kazi ya korti kujua. Lakini Feisal aliandikisha shtaka akarudi dukani kwake, na hakutia mguu kortini hata mara moja. Dhamana aliyowekewa Athumani ilikuwa ya kumtoa tajiri, si hamali.

Kila siku ya kutajwa, dada yake alikuja. Bi Mwanamisi, mjane, mkaanga mahamri wa Mji wa Kale. Anakaa kwenye ngazi za nje na buibui lake na chupa ya uji, ananiamkia kwanza kwa utaratibu wote, sabalkheri, umeamkaje, watoto je, ndipo aulize. "Leo atapanda?" Nami najibu, "Leo anatajwa, Mama." Anasema alhamdulillahi kama mtu aliyepewa kitu. Uji naushusha mimi.

Mwanzoni Athumani alinitania. Nikiteremka na karatasi ananiuliza, "Afande, hakimu kasemaje juu ya uzuri wangu?" Seli nzima inacheka. Baadaye akawa anauliza bila kucheka. Baadaye akawa haulizi. Mabega yakaisha. Kikohozi kikaingia, halafu damu kwenye kitambaa. Wenzake walimwachia pembe ya mlangoni apate hewa, na seli ikimwachia mtu hewa jua ameshaelekea kubaya.

Nilikwenda kwa Bwana Nyale. Nikamwambia mtu yule anahitaji matibabu na mahali pa wazi. Akasema mahabusu ni mali ya korti, hakimu atoe amri. Nikaenda kwa karani wa korti. Akasema hakimu hapokei maneno ya askari, mshtakiwa aseme mwenyewe mbele yake. Nikasema mshtakiwa hapandishwi. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa bei ya mwezi. Akasema, "Sasa Karisa, unataka nikusaidie vipi?" Akaendelea na chai yake.

Asubuhi ninayoisema, Bi Mwanamisi hakunipa chupa ya uji. Aliniamkia kama kawaida, akanishika mkono wa shati.

"Mwanangu, mie sikulaumu. Lakini hebu nambia. Huyo hakimu yuwajua kwamba nduyangu ana uso?"



Akasema, "Mpandishe amuone. Akimuona akamkataa, ntarudi kwangu nikae na Mungu wangu. Lakini naakatae mtu, asikatae karatasi."

Niliteremka. Waranti za siku hiyo zilikuwa tayari juu ya meza, zimefungwa mpira, kazi yangu ilikuwa kuzishika na kupanda. Nilizitia mfukoni nikachukua funguo. Mwenzangu wa zamu, Mutua, aliuliza nafanya nini. Nikamwambia, "Wana kesi leo. Nawapandisha." Akasema yupi. Nikasema wote. Akaniambia, "Karisa, mimi nina watoto." Nikamwambia shika mlango tu, ukiulizwa sema nilichukua funguo kwa nguvu. Mpaka leo ndivyo anavyosema, na simlaumu.

Niliwafunga wawili wawili, kidole kimoja kati ya chuma na mfupa, nikamweka Athumani mbele bila pingu, kwa sababu hakuwa na pa kukimbilia wala pumzi ya kukimbia. Ngazi ile ni nyembamba. Tulipanda polepole kwa ajili yake. Hakuna aliyepiga kelele. Wengine walikuwa hawajaikanyaga ngazi ile tangu waletwe mara ya kwanza. Katikati tukakutana na Inspekta Kimeu anateremka na simu sikioni. Akabanwa ukutani.

"Wewe, nani amekwambia uwalete hawa?"

"Pisha, afande, mgonjwa apite."

Akapisha. Nadhani alipisha kwa sababu ya harufu.

Kortini walijaa ukutani, kati ya mabenchi, mpaka nyuma ya mawakili. Wakili mmoja alikusanya mafaili yake kifuani kama mtu anayevuka maji. Bi Mwanamisi alikuwa benchi la mwisho. Alipomwona nduguye alisimama, akabaki amesimama.

Hakimu Ondari alitoa kitambaa. Akasema, "Askari, warudishe hao chini."

Nikasema, "Mheshimiwa, waone kwanza."

Nilijua nimemaliza cheo, na pengine kazi. Nyumbani karo ilikuwa inangoja. Akarudia amri. Nikabaki pale pale. Hakuna askari mwingine aliyeniondoa, maana kuniondoa kungetaka kuwashika wale wote, na palikuwa hapana nafasi ya mtu kuinua mkono. Kwa mara ya kwanza msongamano ulikuwa umekaa upande wetu.

Ndipo Athumani akakohoa. Si kikohozi kidogo. Aliushika ule mti wa kizimba, akainama, na korti yote ikangoja amalize, na hakuna mahali hakimu angeweza kutazama ila pale. Alipomaliza, Ondari akasema kwa sauti nyingine kabisa, "Mshtakiwa, umekaa rumande muda gani?"

Athumani akafikiri. "Mheshimiwa, siku walizonileta, dada yangu yule alikuwa bado atunga uzi kwenye sindano bila miwani."

Watu wakageuka kumtazama Bi Mwanamisi na miwani yake. Hakimu akauliza kama mlalamikaji yupo. Karani akaita jina la Feisal, akaenda mlangoni akaliita tena. Hakimu akamtazama mwendesha mashtaka. Na Kimeu, kwa mazoea tu, maskini, akafungua mdomo akasema, "Mheshimiwa, upelelezi unaendelea."

Wale mahabusu wakacheka. Hawakukusudia ubaya. Lilikuwa neno wanalolijua wote, kila mmoja aliletewa kwa karatasi, na sasa wamelisikia likitoka mdomoni mwa mwenyewe. Walicheka mpaka pingu zikalia. Nilimwona Ondari uso ukimbadilika. Sijui kama ni haya au hasira, na sijali. Huruma ikija kwa mlango wa aibu, bado ni huruma. Mfunguliwa hakuulizi ulikuwa na moyo gani.

Alimwachilia Athumani kwa ahadi yake mwenyewe, bila dhamana, atibiwe. Halafu, kwa vile walikuwa pale na hawakuwa na pa kwenda, akawaita wengine. Muuza ndimu akaenda. Wa kamba ya nguo akaenda. Vijana wa keram wakaenda, mmoja akasahau ndara zake. Si wote. Lakini jioni ile lori lilivuka daraja watu wamekaa chini, wamenyoosha miguu.

Athumani alivuka barabara ameshikwa na dada yake. Hawakunishukuru, na sikungoja. Alitibiwa, lakini mapafu yalikuwa yameshaliwa. Alikufa baada ya mwezi na kitu, nyumbani, Mji wa Kale. Nilikwenda kuzika nikiwa nimevaa kiraia, maana sare walikuwa wameshaishika. Nami nilikuwa nimeanza kukohoa.

Kisha wakaniita. Walikuwa watatu nyuma ya meza, Bwana Nyale katikati, amevaa nishani zote. Aliniambia nimevunja amri ya mahakama, nimehatarisha usalama, nimeidhalilisha idara. Alikuwa mpole. Akasema niseme nimekosa, niombe radhi, nirudi kazini kwangu. Nikasema sikukosa. Akavuta pumzi kama mzazi.

Mwanamke kijana aliyekaa kulia kwake, afisa mwenye diploma, simjui jina wala sikumwona mbaya, akauliza kwa upole, "Lakini Afande Karisa, mzee mwenyewe amekufa. Sasa ulichofanya kilikuwa na faida gani?"

Nikawaambia alichonihadithia Bi Mwanamisi matangani. Gerezani kwetu, usiku, watu hulala ubavu mmoja, kifua cha huyu mgongoni kwa yule, kama vijiti vya kiberiti. Mmoja hawezi kugeuka peke yake. Mnyapara, msimamizi wa chumba chao, hupiga kofi la viganja, na safu nzima inageuka pamoja. Asipopiga, utalalia ubavu huo huo mpaka ufe ganzi. Athumani alipofika kwa dada yake alipewa kitanda kizima. Usiku wa kwanza Bi Mwanamisi alimkuta macho, amelalia ubavu, anatetemeka kwa maumivu. Akamuuliza kwa nini hageuki. Akasema angoja kofi. Dada yake akakaa pembeni ya kitanda akamwambia, geuka, baba, hapa ni kwenu. Akageuka. Akageuka tena upande wa pili. Akacheka, akageuka tena, mpaka shuka likaanguka chini.

"Mwezi mzima," nikawaambia, "alijigeuza kitandani alipotaka mwenyewe. Hiyo ndiyo faida. Iandikeni."

Nyale alikuwa ameshika kalamu. Akaiweka chini. Hawakuiandika, ndiyo maana nimeiandika mimi.